Chapati za Mama Bhoke

Jumanne, Kerende

Nesi mzima nakwea kifusi cha wachimbaji kutafuta mtandao, eti nisome kozi! Mwalimu yuko Dar, ananifundisha sumu ya zebaki, hiyo wanayokamatia dhahabu hapa mlangoni kwangu, kisha huichoma ibaki dhahabu tupu.

Swali la mwisho: mgonjwa anatetemeka mikono, utamuuliza nini? Nikajibu, "Dhahabu unachomea wapi?" Nikafaulu. Nikajipongeza kwa chapati za jirani yangu, Mama Bhoke.

Jioni nikamrudishia sahani. Nikamkuta anachoma dhahabu yenye zebaki kwenye kikaango kilekile cha chapati.

"Mama Bhoke, hicho kikaango!"

"Nesi, si huwa nakiosha?"

Mikono yake inatetemeka tangu masika, na mimi nampa dawa ya malaria tu.

Mwandiko wangu leo unacheza. Ni hasira, au ni chapati?