Tembe Ndani ya Kopo la Misumari

Jumatatu, 3 Machi
Inatangazwa rasmi: makao makuu ya tembe zangu yamehama, kutoka mfuko wa koti hadi kopo la misumari, stoo ya viazi. Mke wangu hafiki huko. Sherehe imehudhuriwa na mimi na paka.

Mapigo ya moyo kabla ya kumeza: mia moja ishirini na nane. Baadaye: sabini na sita.

Mwezi jana niliombewa kanisani. Nikashika maikrofoni, nikasema moyo umetulia, nimepona. Vigelegele. Sikutaja tembe za kliniki ya Nakuru. Moyo ulikuwa umetulia kweli. Ukweli wangu uliishia hapo.

Jumatano, 5 Machi
Foleni ya maziwa. Baridi ya Molo, na hizi tembe huzidisha kuganda kwa vidole. Mama Wanja, jirani yetu mjane ambaye moyo wake hukimbia kama wangu, akanigeukia.

"Mzee wa kanisa, ushuhuda wako umenifungua. Tangu jana dawa nimeweka chini."

Daktari alinionya mimi mwenyewe: usiziache ghafla, ni hatari. Nilijua. Nikajibu, "Bwana asifiwe."

Mwoga mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepita kwa Mama Wanja mara mbili kumwambia ukweli. Mara ya kwanza nikauliza bei ya mbegu ya viazi. Mara ya pili pia.

Jumamosi, 8 Machi
Ameanguka kwa foleni. Mtungi wake wa maziwa ukamwagika wote. Tumempeleka hospitali kwa pikapu ya viazi, nimemshika mkono njia yote. Mapigo yake yalinishinda kuhesabu.

Nesi akauliza, "Nani alimwambia aache dawa?"

Mimi.

Jioni ametulia. Wamemrudishia dawa. Nikaenda nyumbani kuchukua kopo, nikarudi kumwonyesha. Akaangalia ndani.

"Kumbe tunameza kitu kimoja. Si ungeniambia tu, mzee."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Nimesimama kanisani, kopo mkononi. Nimesema yote: kliniki, stoo, Mama Wanja. Nilingoja kuvuliwa uzee wa kanisa. Mchungaji akashukuru, akasema dawa pia ni ya Mungu, akasoma zamu ya kufagia. Nimepangiwa Alhamisi.

Jumatatu, 10 Machi
Misumari imerudi kwa kopo. Tembe ziko mezani, kando ya chumvi. Nimemeza kwa kikombe cha maji mbele ya nyumba nzima, polepole, waone.

Mke wangu amesema nikimaliza na hicho kikombe nimpe, anakihitaji.