Samaki wa Mama Wambui

Jumatatu, 4 Agosti

Uji, vijiko vichache. Akasukuma kikombe. Nikakirudisha. Akakisukuma tena. Mwishowe nimeunywa mimi, na uji siupendi.

Mama Wambui amekonda. Mke wangu huyu alikuwa akitoka mferejini na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, bado ananigombeza. Sasa anashika ukuta akienda chooni. Ni mawe kwenye kifuko cha nyongo. Akila kitu chenye mafuta, maumivu yanamshika chini ya mbavu hadi anauma leso. Kwa hivyo ameamua dawa ni kutokula kabisa.

Leo daktari amekasirika. Amesema hawezi kumpasua mtu asiye na damu wala nguvu. Turudi mwisho wa mwezi. Akiwa amejaa kidogo, atapasuliwa na atapona. Asipojaa... hakumalizia. Mimi pia simalizii hapa.

Ale nini? Samaki, anasema. Yule mweupe, asiye na mafuta mengi, mlaini tumboni. Achemshwe, asikaangwe. Mama Wambui akamjibu hapo hapo, mtu wa watu na koti lake jeupe: Shindwe!

Namwelewa. Sisi ni watu wa Murang'a. Mtoni kwetu samaki walikuwepo na hakuna aliyewagusa. Nyanya yake alimwambia samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea. Tumezeeka hapa Shauri Moyo, Gikomba ni hapo tu, soko la samaki tunalisikia kwa pua upepo ukigeuka. Nyumba hii haijaingiwa hata na omena mmoja, yule dagaa mdogo.

Lakini wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kesho naenda.

Jumanne, 5 Agosti

Sikufungua kibanda changu cha ufundi bati leo. Masanduku ya watoto wa shule yatangoja. Bati halilali njaa.

Nilimbembeleza Mama Atieno wa mlango wa pili anipeleke sokoni. Yeye ni mtu wa ziwa, samaki ni lugha yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Ati Baba Wambui na samaki! Nikamwambia acheke haraka, mgonjwa anangoja.

Nimejifunza. Samaki mtazame machoni: macho yawe maangavu, yametokeza. Yakizama kama ya mlevi, songa mbele. Mfunue mashavu, ndani kuwe kwekundu. Mbonyeze, nyama irudi. Harufu iwe ya maji, si ya kunuka. Wafanyabiashara walikuwa wananitazama nikibonyeza kila samaki. Mmoja akaniuliza kama natafuta mke.

Nimechukua ngege mmoja, yaani tilapia. Mama Atieno aliniambia hatuna friji, basi apikwe leo leo. Akaniambia na namna ya kumpika. Nilisema ndiyo, ndiyo. Mimi ni fundi, nitashindwa na sufuria?

Jumatano, 6 Agosti

Nilishindwa na sufuria.

Jana jioni nilimkaanga. Samaki wote niliowahi kuona vibandani wamekaangwa, wamekauka, rangi ya kahawia. Nikadhani ndivyo anavyokuwa. Mafuta nilimimina bila hesabu. Nyumba ikajaa moshi na ile harufu. Mama Wambui akajifunika leso usoni, akaomba dirisha lifunguliwe, baridi yote hii ya Agosti.

Mama Atieno akaja kwa kufuata harufu. Alipoona karai la mafuta alishika kichwa. Wewe mzee, mafuta ndiyo yanayomuua huyu mama, na wewe unamwogesha samaki ndani yake! Akamchukua, watoto wake wakamla. Mimi nilikula ugali na sukuma. Mama Wambui hakula kitu.

Ningekuwa karibu na mimi mwenyewe ningejizaba kofi.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nilimsaidia kuvaa. Sketi ya kanisani inazunguka kiunoni, nimeifunga na pini. Akasema kwa mzaha kwamba sasa anatoshea nguo za ujana. Sikucheka. Nikaenda nje nikapiga bati hadi mkono ukachoka.

Naogopa. Wacha niandike tu. Naogopa sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata akili usiku. Mukimo!

Huyu mwanamke anapenda mukimo kuliko anavyonipenda mimi, na sisemi kwa uchungu. Nimechemsha viazi, mahindi, majani ya malenge. Samaki nimemchemsha pembeni na tangawizi na limau kuua harufu, nikamtoa ngozi, nikamtoa mfupa ule mkubwa wa mgongo. Halafu vyote sufuria moja, nikaponda kwa mwiko kama nilivyomwona mama akiponda siku zote za utoto wangu. Kikawa kijani safi. Huwezi kujua.

Amekula sahani. Nzima! Akauliza nimeweka nini, ni tamu. Nikasema mkono wa fundi. Maumivu hayakuja. Nilitoka nje nikasimama karibu na mfereji nikajifanya naosha uso.

Jumapili, 10 Agosti

Mukimo tena. Amekula tena. Kanisani nilimwimbia Mungu kwa sauti hadi jirani wa benchi akasogea.

Kuhusu uongo, nitatubu akishapona.

Jumanne, 12 Agosti

Basi, niandike.

Mchana alikuwa anakula vizuri, ananisimulia ndoto aliyoota. Katikati ya neno akanyamaza. Akashika koo. Macho yakamtoka, machozi yanateremka. Kitu kimemchoma, hakipandi, hakishuki. Nikafanya kile kila mtu hufanya: nikafinyanga tonge la ugali nikamwambia ameze bila kutafuna, lisukume. Akameza. Ikawa mbaya zaidi. Akatema damu kidogo. Nilipiga kelele nikimwita Mama Atieno kama mtoto.

Kliniki ya mtaani wakamwangazia tochi kooni, wakauchomoa kwa koleo. Mwiba mwembamba, umejipinda. Muuguzi, msichana mdogo sana, akanigombeza mbele ya foleni yote. Mwiba ukikwama usimpe mtu ugali wala ndizi, unauzamisha. Mlete hapa. Sawa, nikasema. Sawa, binti yangu.

Kisha akauonyesha Mama Wambui. Mwiba wa samaki huu, mama.

Mke wangu akanitazama. Njiani akamshika Mama Atieno mkono, si mimi. Mama Atieno ndiye aliyesema, tukifika mlangoni, kwa sauti ya chini: nani alikutuma kumponda samaki? Samaki hapondwi, huchambuliwa kwa vidole. Ukimponda, miiba yake unaificha wewe mwenyewe.

Kwetu kila kitu kizuri hupondwa. Sikujua.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwenye koo la mke wangu.

Jumatano, 13 Agosti

Amekataa kula kutoka mkononi mwangu. Hata ndizi, ambayo mtu anaimenya mwenyewe. Anaigeuza geuza akiikagua, anaiweka chini.

Wambui amepiga simu kutoka Nakuru. Mama Atieno amemweleza yote. Binti yangu niliyemlipia shule kwa masanduku akaniuliza: Baba, ulikuwa unafikiria nini? Nilimwambia nilikuwa nafikiria mama yako asife.

Alhamisi, 14 Agosti

Chai ya rangi. Basi.

Ijumaa, 15 Agosti

Amezungumza.

Nilikuwa nimemletea maji ya kunawa uso. Akaniambia hana hasira ya samaki. Ana hasira kwa sababu miaka yote hii amekula na mimi bila kutazama sahani, na sasa inabidi atazame. Hilo lilinichoma mahali ambapo koleo haifiki.

Halafu akauliza: na wewe, umeonja?

Sijaonja. Hata mara moja. Nilipomkaanga, nilikula sukuma. Nilipompika kwenye mukimo, nilijitengea wangu sufuria nyingine, usio na samaki. Kinyaa. Mimi nina kinyaa kilekile alicho nacho yeye, ila changu nilikificha nikamlisha mgonjwa.

Alijua jibu kabla sijajibu. Akageukia ukutani.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilienda Gikomba alfajiri peke yangu. Nikabonyeza. Nikafunua mashavu. Nikapaa magamba mwenyewe, nikaosha na limau, nikatoa matumbo, ubao nikausugua kwa maji moto kama Mama Atieno alivyosema. Chumvi kidogo tu. Nyanya, kitunguu, tangawizi, dania. Hakuna tone la mafuta. Maji kidogo, moto mdogo, kifuniko. Nikamwacha apikwe na mvuke wake mwenyewe hadi nyama ikawa nyeupe kabisa, inaachana na mfupa ukiigusa.

Sikuficha kitu. Nilimweka mzima kwenye sinia, kichwa na mkia, nikaliweka mezani mbele yake. Nikasali. Nikakaa. Sikumkaribisha. Nilisema huyu ni wangu.

Jamani, kutia mkono ni kazi. Alikuwa ananitazama, yule samaki. Yeye na mke wangu, wote wananitazama. Nikakata kipande, nikatia mdomoni, nikafumba macho.

Hana makali yoyote. Hiyo ndiyo ajabu. Nilingoja tope, nilingoja nyoka, nikapata kitu kilaini kama yai, kitamu kwa mbali, nyanya na tangawizi ndizo zinazoongea. Nikatafuna. Nikameza. Nikafumbua macho, Mama Wambui ameinamia meza ananichunguza kama mtu anayesoma themometa.

Nikala cha pili. Cha tatu nilikichukua kwa pupa, maana sasa nilikuwa na raha, na akapiga kelele: Ngoja! Akanishika mkono. Mwiba ulikuwa umetokeza, mimi na macho yangu haya sikuuona. Akaufuata kwa kucha zake, polepole, akauchomoa akauweka kando. Akachambua na mwingine. Akanirudishia kipande.

Halafu akalamba vidole. Hakuwaza, alilamba tu, kama mpishi yeyote. Akatulia. Akanitazama. Mimi nikatazama dirishani kama sijaona kitu.

Akasema kimekosa chumvi. Nikasema ni agizo la daktari. Akasema daktari hayuko hapa. Akakata kipande, akakichambua, akala.

Sikulia. Haya, nililia.

Jumanne, 19 Agosti

Samaki. Viazi vya kuchemsha, sukuma bila mafuta. Amekula nusu, nusu yangu. Amenifundisha kuchambua: unaanzia mgongoni, unateremka, kidole ndicho macho. Hajawahi kumpika lakini ameshakuwa mwalimu. Ndivyo alivyo.

Maumivu hayajarudi.

Ijumaa, 22 Agosti

Ameenda mferejini mwenyewe. Bila ndoo, lakini ameenda. Amegombana na mtu kuhusu foleni. Nilisikia sauti yake hadi kibandani nikaacha nyundo nisikie vizuri.

Leo alikataa samaki niliyemleta. Alimfunua mashavu akasema huyu amelala, si wa leo, mrudishe. Nikarudi sokoni na samaki mkononi, mzee mzima. Nilimpata mwingine. Nimefurahi, sijui kwa nini nimefurahi hivyo.

Ijumaa, 29 Agosti

Kliniki. Akapimwa uzito, akatolewa damu. Daktari akasoma karatasi, akamtazama, akasoma tena. Atapasuliwa Jumanne.

Nilifikiri nitaruka. Badala yake nimekaa benchini. Mwezi mzima nilitaka aambiwe hivyo, na sasa ameambiwa, nataka tungoje kidogo.

Jumatatu, 1 Septemba

Amelazwa. Aliniachia maagizo: nifunge gesi, nisilale na soksi zenye maji, nimlipe Mama Atieno limau zake. Hakusema chochote kuhusu kifo. Mlangoni aliniweka sawa kola ya shati.

Nyumba ni kubwa mno. Vyumba viwili, na ni kubwa.

Jumanne, 2 Septemba

Amepasuliwa. Yu hai. Siandiki zaidi leo, nimechoka kuomba.

Alhamisi, 4 Septemba

Muuguzi wa wodi alipiga simu asubuhi. Mgonjwa wako ameruhusiwa kula vitu laini. Supu yetu ameikataa. Anasema umletee samaki.

Nilimpika kama kawaida. Nikamchambua nyumbani, dirishani kwenye mwanga, kidole ndicho macho, nikampitia mara mbili, halafu nikamwita Mama Atieno na miwani yake akampitia tena. Nikamtia kwenye bakuli, nikalifunga kwa kitambaa.

Alikuwa amekaa, mto mgongoni. Uso umerudiwa na rangi. Kitanda cha pili kuna mama wa Nyeri, mkubwa kuliko sisi. Harufu ilipomfikia akaziba pua, akauliza ni nini hicho. Mama Wambui akamwambia bila haya: ni chakula chetu.

Alikula polepole. Hakukagua bakuli. Alikuwa ananieleza habari za wodi, nani anakoroma, nani hana mtu wa kumtembelea, na mkono ukienda na kurudi wenyewe, macho yake yako kwangu.

Karibu na kumaliza akakatiza habari. Akanitazama shingo, akanitazama mashavu.

Umekonda, Baba Wambui, akasema. Nani anakupikia?

Akachukua kipande cha mwisho kwa vidole vyake, akakinyoosha hadi mdomoni mwangu. Pale wodini, mchana, wageni wamejaa, yule mama wa Nyeri ametoa macho. Mtu wa rika langu halishwi na mke mbele za watu. Nikafungua mdomo.