Kiti cha Watu Watatu

Jumapili, Agosti 1977

Mama hata hakulalamika. Afadhali angenigombeza mbele ya watu.

Miezi saba nimeihangaikia pikapu hii ya marehemu baba, ili inishushe Moshi kazini kila siku na kunirudisha Kilema. Injini imefunguliwa yote, rangi ni mpya. Lakini mimi nilitaka na viti viwili vya kisasa, kama vya gari dogo. Nikavipata Sanya Juu, kwenye gari lililopinduka.

Fundi Harnam alikuwa anaking'oa kile kiti kirefu cha zamani huku akiniuliza, "Kiti kizima hiki, unakitoa cha nini?" Nikamwambia afanye kazi yake. Kiti nikaja kukitupa migombani.

Leo ndiyo mara ya kwanza tunaenda nayo kanisani. Mke wangu, na mimba yake ya miezi minane, alikaa mbele. Nilipogeuka kumwita mama, alikuwa ameshapanda nyuma na kitenge chake kipya, amekalia tairi la akiba kwenye manyunyu.

"Mama, shuka, tutabanana."

"Tutabanana wapi, mwanangu? Twende, misa inaanza."

Zamani, kwenye kile kiti kirefu, tulikaa watatu. Baba kwenye usukani, mama dirishani, mimi katikati.

Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Nikamkuta nje ya jiko lake, amekalia kile kiti. Kumbe alikiokota, akakifuta. Alikuwa amekaa pembeni kabisa, upande wake wa dirishani.

Nafasi ya katikati ilikuwa wazi. Nikaongea naye nimesimama.