Watu Kumi wa Kumwombea Mama

Dada Rebeka mpendwa,

Nakuandikia mimi nduguyo Yakobo, mtu ambaye akipiga chafya hapa Tunduma malori yanasimama mpaka kule Mpemba. Mpaka huu nimeushika mimi. Juzi dereva mmoja wa Zambia aligoma kuingiza gari yadi kwetu mpaka anione kwanza, akasema asiponikuta getini hana imani na mzigo wake. Lakini mimi sijivuni, unanijua.

Hamjambo huko Arusha? Shemeji miguu imepungua kuvimba? Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, dada, na duka la dawa yake sijaliona.

Umeniuliza kama ninamsomea mama Kadishi, ile sala yetu ya kuwaombea wafu. Najua hilo ni langu. Mtoto wake wa kiume ni mimi peke yangu, na mazishi yenyewe sikuwahi, basi linafika Dodoma mmeshamzika. Sasa ni mwezi wa tatu tangu afariki. Huku Myahudi ni mimi tu. Jumamosi niko zamu. Mishumaa ya Sabato ya Ijumaa jioni bosi amekataza, maana kibanda changu kimepakana na malori ya mafuta. Basi naisimamisha mezani bila kuiwasha, nafumba macho kama mama alivyokuwa akifanya. Nikifumbua, ni ileile, haijaungua hata kidogo. Ijumaa nyingine hata kuitoa sitoi. Najilalia.

Alhamisi iliyopita foleni iligoma tangu asubuhi. Mzee Simbeye, Mnyiha wa Iyula anayeuza chai hapo getini, akaniona nimeinama.

"Yakobo, leo hujatudanganya hata mara moja. Una nini?"

Nikamwambia sisi kumwombea mama aliyefariki lazima tusimame wanaume kumi.

"Kumi? Kwani Mungu wenu mzito wa kusikia?" Madereva wakacheka. "Haya, nyie mko wangapi?"

"Mmoja. Ila nina uzito wa watatu."

"Basi bado saba," akasema, akaanza kuwaita.

Dada, walikuja. Wakongo wawili, Mzambia yule, wapakiaji, na mzee mwenyewe na birika lake mkononi. Tukatimia kumi, mimi nikihesabiwa mmoja tu. Wote wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Nikawaambia hapana, sisi tunavaa. Wakatazamana. Asiye na kofia akajifunika mfuko wa sukari, mwingine akavaa sufuria ya kupikia ugali. Hakuna aliyecheka. Wakanisubiri nianze.

Nikasimama pale. Kisha nikasema, "Ndugu zangu, samahani. Hao kumi lazima wawe Wayahudi. Torati hairuhusu."

"Sasa si ungesema kabla sijavaa sufuria," akasema Mkongo. Wakatawanyika, wengine wamenuna, na wana haki.

Mzee Simbeye akabaki. Akaniuliza, "Mama aliitwa nani?"

"Lea."

Akatua birika chini, akaomba kwa Kinyiha. Sikuelewa neno, ila jina la mama nililisikia likipita humo mara tatu. Hapo moyo ukatulia, dada, kama injini iliyozimwa baada ya safari ndefu. Nikasema Amina. Nikakumbuka mama alisema Mungu haangalii mtu amesoma vitabu gani. Utulivu ule ulikaa mpaka chai aliyonimiminia ikaisha. Kisha lori likapiga honi nikaenda kufungua geti, na yale mazito yakarudi palepale yalipokuwa. Sijui lini yataondoka. Lakini sasa najua yanaweza kuondoka, hata kwa kikombe kimoja cha chai.

Nisalimie shemeji, mwambie miguu aipandishe juu ya mto. Msalimie shangazi mwenye kuoka mkate wa Sabato, na binti yako anayefundisha watoto Kiebrania, mwambie mjomba wake anamwonea fahari. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi nduguyo,
Yakobo

Dada, nimeshafunga bahasha nikaifungua tena. Ile sheria ya Wayahudi kumi ni kweli, lakini siyo iliyonizuia. Nilikuwa tayari kuivunja. Nilifungua mdomo, maneno hayakuwepo. Kadishi siijui. Hata ya marehemu baba, mwaka mzima mbele yenu, nilikuwa nachezesha midomo na kuitikia Amina kwa sauti kubwa. Mwombe binti aniandikie yote kwa herufi zetu za Kiswahili, kubwa kubwa. Asiniulize kwa nini.