Dumu la Uvunguni

Alhamisi

Na kweli nilitoka katikati ya sala. Mungu anisamehe, lakini dumu lilikuwa nyumbani.

Daktari anataka niukusanye dumuni mkojo wangu wote, wa kutwa na usiku wake. Anasema tezi zangu za juu ya figo zimelegea, ndiyo maana naangukaanguka. Kwenye mkojo ataona mwili unavyovitumia vidonge alivyonipa, ajue kama dozi inatosha. Nikienda haja pengine hata mara moja, majibu yatadanganya.

Sasa jumuiya iko kwa Mama Elia, nami nimebanwa. Choo chake kile pale, lakini nikakimbilia kwangu.

Akanifuata. "Mama Neema, nimekukosea nini? Hata uji wangu hukuugusa!"

Nikamvutia dumu kutoka uvunguni, nikamweleza agizo la daktari. Akalichungulia.

"Na ningeliona peke yangu, ningesema unatuficha asali!"

Tukacheka mpaka nikabanwa tena.

Kesho asubuhi nalipeleka hospitali. Hofu ninayo, sifichi. Dozi ikiwa haitoshi, sijui...

Lakini Mama Elia alinishika mkono, tukamalizia sala pale pale chumbani. Akamwombea daktari, akaziombea tezi zangu, na dumu nalo akaliombea lisivuje. Baada ya amina akaukaza mfuniko mwenyewe.