Wananitaka Niseme Mdogo Wangu Alisimama

Kwako Bwana Mshauri,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nakuomba unisaidie upesi, kwa sababu kesi inasikilizwa mwisho wa mwezi huu na mimi nimeandikwa shahidi, na hapa nyumbani hakuna tena mtu ninayeweza kumwuliza lolote, kila mmoja ana upande wake.

Mimi ni mke wa mtu, nakaa Igogo, hapa Mwanza. Mume wangu anaitwa Shimba, na alikuwa anafanya kazi katika mchezo wa maji ambao Bwana Rasik, mwenye duka la vitambaa, aliujenga ufukweni wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Mfalme wa Uingereza, na bila shaka umeusikia, maana watu walitoka mpaka Ukerewe kuja kuuona. Reli zimelazwa juu ya mbao kutoka kwenye jabali mpaka ndani ya ziwa, na mashua mbili zenye magurudumu ya chuma zinateremka kwa zamu, watu wamekaa ndani wanapiga kelele, mashua ikifika chini maji yanaruka juu, kisha wapiga kasia wanaivuta kando na watu wanashuka. Kazi ya Shimba ilikuwa kule juu, kushika kamba iliyozungushwa kwenye nguzo, asiachie mashua ya pili mpaka mtu aliyesimama kule majini ainue kitambaa cheupe kuonyesha kwamba ya kwanza imekwisha kuondolewa njiani. Nyapara wa kazi yote hiyo alikuwa Mzee Maige, mjomba wake Shimba, ambaye ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipokufa, na ndiye aliyekuja Mkolani kwa baba yangu kuniposa.

Siku hiyo nilikwenda na mdogo wangu Kija, ambaye huuza samaki sokoni, tumevaa nguo zetu za kanisani na tunacheka kwamba zitalowa. Tulipanda mashua ya kwanza, mimi mbele, yeye nyuma kabisa. Tukateremka salama, lakini wapiga kasia wakachelewa kutuvuta kwa sababu kasia moja lilinasa kwenye mbao, na mimi nikageuka kumwangalia Kija, nikatazama na juu. Bwana Mshauri, niliona. Kitambaa hakikuinuliwa. Mzee Maige alikuwa anapunga mkono kumwambia Shimba aachie, kwa kuwa watu waliokuwa wakingoja walikuwa wengi na wanalalamika, Shimba akamtazama mjomba wake, akatazama chini kwetu, mjomba akapunga tena kwa hasira, na Shimba akaachia. Kija alikuwa amekaa, ameshika ubao kwa mikono miwili kama tulivyoambiwa. Mashua ya pili ilikuja ikatupiga kwa nyuma, ubao wa nyuma ukapasuka na mguu wake ukabanwa. Sauti niliyoisikia sitaiandika.

Bwana Rasik hakuwapo, alikuwa dukani, lakini alipoitwa alikuja mbio, akamchukua Kija katika motokaa yake mwenyewe mpaka hospitali, damu ikaharibu viti na yeye hakusema neno, na mpaka leo mke wake anampelekea maziwa. Madaktari walimkata mguu chini ya goti.

Sasa baba yetu amefungua madai ya fidia mahakamani, na ndipo Mzee Maige alipokuja nyumbani kwangu, akakaa, akakataa uji, akasema mambo mengi kwa upole, kwamba hakuna aliyetaka mabaya, kwamba Bwana Rasik ni mtu mwema na ataendelea kumsaidia Kija kama kesi ikiisha vizuri, na kwamba pale jabalini kuna ubao ulioandikwa kwamba kila apandaye anapanda kwa hatari yake mwenyewe. Ubao huo nimeuona, umeandikwa Kiingereza na Kigujarati. Kisha akaniambia: "Mkwe wangu, ukisema Shimba aliachia kamba, Shimba atafungwa. Ukisema mdogo wako alisimama akatoa mguu nje kabla ya kuambiwa, hafungwi mtu yeyote. Mguu wake haurudi kwa neno lako."

Shimba alikuwa amekaa palepale na hakuinua uso. Mjomba alipoondoka nilimwuliza kama na yeye anataka niseme hivyo, akajibu kwamba hawezi kumsimamisha mjomba wake mbele ya hakimu, na tangu siku hiyo hali chakula vizuri, wala hatuzungumzi ila mambo ya mtoto.

Lakini linaloniumiza zaidi ni hili. Juzi nilikwenda hospitali. Kija hakumbuki kitu chochote tangu mashua ilipofika majini, na Mzee Maige alikuwa amekwisha kufika kumwangalia. Kija aliponiona alinishika mkono, akaniuliza polepole: "Dada, ni kweli nilisimama?"

Nikamwambia apumzike. Ndilo jibu nililompa, apumzike, na yeye akageukia ukutani akasema kwamba siku zote alikuwa na haraka, mama alikuwa akimgombeza kwa hilo tangu utoto, labda ni kweli alisimama.

Nikisema nilichokiona nimemtia jela baba wa mtoto wangu na kumwaibisha mzee aliyemlea, nikisema wanachotaka nimemmaliza mdogo wangu. Nifanye nini?

Mimi Dorotea, Igogo

JIBU

Dorotea,

Nakujibu kwa posta kwanza, maana hakimu hatalingoja gazeti. Pole kwa mdogo wako, na pole kwa nyumba yako. Sasa nisikilize, kwa sababu nitakugombeza.

Nianze na hospitali. Umemwacha msichana aliyekatwa mguu aamini kwamba alijiponza mwenyewe. Mzee Maige ndiye aliyemwambia uwongo, lakini wewe ndiye uliyeulizwa, na ulikuwa unajua. Ukimaliza kusoma barua hii jifunge kanga uende. Usingoje siku ya kesi, wala usingoje upate maneno mazuri.

Sasa sheria. Nilikuwa karani wa mahakama kabla ya kazi hii ya gazeti, na naona umetishwa kwa mambo mawili yaliyochanganywa makusudi. Baba yako amefungua madai ya fidia. Madai ya fidia hayamtii mtu jela kwa sababu aliachia kamba. Yanauliza nani abebe hasara. Na sheria inayotumika katika nchi hii inasema kwamba mtumishi akifanya uzembe katika kazi aliyopewa, tajiri wake ndiye anayejibu. Shimba aliachia kamba akiwa kazini. Mzee Maige alipunga mkono akiwa kazini. Wote wawili ni watumishi wa Bwana Rasik, na mchezo ulikuwa wake, hata kama saa ile alikuwa dukani anapima vitambaa. Basi acha kudhani kwamba lazima umtupe mmoja ili umwokoe mwingine. Ukimtaja mumeo, haki ya Kija haipungui hata kidogo.

Na ukisema Kija alisimama? Mtu akionekana amejiumiza kwa uzembe wake mwenyewe, mahakama inaweza kumrudisha nyumbani bila kitu. Ndiyo maana wanalitaka neno hilo na si jingine. Mzee Maige amekuambia halimdhuru mtu. Linamdhuru Kija, tena yeye peke yake.

Kuhusu polisi sitakudanganya. Uzembe uliomjeruhi mtu unaweza kushtakiwa, na sijui wao wataamua nini. Lakini mtumishi aliyeamriwa na mkubwa wake, na akaeleza hivyo kwa kinywa chake, husikilizwa vizuri kuliko yule anayejificha nyuma ya mke wake. Nawe ukiapa kisha ukasema uwongo, hilo ni kosa linalofunga. Umefikiri mtoto wako atabaki na nani?

Ubao ule wakili wao atautaja. Ukiulizwa, sema hamjui kusoma lugha zile na hakuna aliyewasomea. Ngao ya namna hiyo ni dhaifu. Bwana Rasik mshukuru kwa motokaa na kwa maziwa, maana ulikuwa wema wa kweli, lakini msiyahesabu kuwa malipo.

Shimba mwambie leo, mkiwa mmekaa, maneno yote utakayoyasema, asije akayasikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Usimwombe ruhusa, mjulishe tu. Mzee Maige ana haki ya kupikiwa kwako na kuuguzwa kwako akiugua. Kiapo chako si mali yake.

Mahakamani sema ulichokiona. Kitambaa hakikuinuliwa, mkono ulipungwa, kamba iliachiwa, Kija alikuwa amekaa. Usieleze yaliyokuwa moyoni mwa mtu mwingine. Ukimaliza, kaa chini.

Mshauri wako

BARUA YA PILI

Bwana Mshauri,

Umeniomba ruhusa uzichape barua zetu gazetini. Zichape, ila watu wajue na yaliyofuata.

Nilikwenda hospitali siku ileile. Nilimwambia Kija kwamba alikuwa amekaa, nikamwonyesha jinsi alivyoushika ubao, nami nilidhani atafurahi, lakini alinikasirikia sana, akasema nimemwacha na uwongo ule siku zote hizo huku najua, akanifukuza. Nilikaa barazani mpaka waliponiita kumlisha. Shimba nilimwambia jioni. Alichukua mkeka akaenda kulala kwa rafiki yake anayekaa mtaa wa Pasiansi.

Siku ya kesi nilisema kama ulivyonielekeza. Wakili wa Bwana Rasik aliniuliza tena na tena kama sikukosea kwa kuwa nilikuwa chini na wao juu, nikasema jabali lile si refu hivyo, na mume wangu namtambua hata akinipa mgongo. Nilipokaa, Shimba aliinuka nyuma ya watu akaomba kusema. Karani alitaka kumkalisha, hakimu akaagiza aapishwe. Akasema: "Mimi ndiye niliyeachia. Niliona hawajaondolewa, na niliachia kwa sababu mjomba aliniamuru."

Mzee Maige naye aliitwa. Hakimu alimwuliza mara mbili, ndipo akasema kwamba ni kweli, kitambaa hakikuinuliwa. Bwana Rasik alikuwa ameambiwa siku zote kwamba Kija alisimama. Alimtazama mzee, kisha akafunika uso kwa mkono.

Hukumu ilimtaka Bwana Rasik alipe fidia, naye hakukata rufani. Polisi walichukua maelezo ya Shimba, wakamwonya, wakamwacha. Reli zimeng'olewa. Shimba amerudi nyumbani, sasa anapakia pamba bandarini, na mgongo unamuuma. Kija yuko kwa baba, anajifunza kutembea kwa magongo. Siku nyingine ananisemesha, siku nyingine hapana, nami nakwenda siku zote mbili.

Mzee Maige alikuwa akipita mlangoni kwetu kama hatupo. Shimba kila alipomwona alisimama, akasema, "Shikamoo, mjomba," na mzee akapita tu, na watu wa jirani wakaanza kumwambia Shimba aache kujidhalilisha. Jumapili iliyopita tulikutana naye tukitoka kanisani, Shimba akamwamkia tena, watu wakisikia. Mzee aliitika marahaba, akaendelea na njia yake.

Dorotea