Makoti ya Kijerumani ya Papa Onésime Yamerudi Vulamba

Mwaka umezunguka, Papa Onésime, tangu ugonjwa ulipokutoa mikononi mwetu hapa Vulamba na cherehani yako ikanyamaza. Sasa inalia tena, na tulitaka habari hiyo uipate kutoka kwetu.

Ulikuwa mpole, ila kwa habari ya nguo ulikuwa mbishi. Baloti la mitumba likifunguliwa sokoni Butembo, wenzako walikimbilia mashati. Wewe ulipekua chini kabisa, ukitafuta makoti ya zamani ya jeshi la Ujerumani. Hukuyavaa hata mara moja, maana hapa kwetu raia akivaa nguo ya jeshi anajitafutia matatizo. Uliyageuza, ukasoma muhuri kwenye bitana kwa kioo chako cha kukuzia, ukavuta uzi, ukajua lipi ni la kweli na lipi limeshonwa kuigiza.

“Vita yao hapana yangu,” ulizoea kusema. “Mimi natafuta mushono.”

Kisha ulimwita binti yako Bénie umwonyeshe kola ilivyotiwa. Mke wako Florentine alikutania kwamba kabatini umemficha mke wa Kijerumani. Ulicheka na kuendelea na kazi.

Siku ya kumaliza matanga, nguo zako zilichukuliwa na ndugu na marafiki, kama desturi inavyotaka. Florentine alikuwa amechoka kwa kulia, akaonyesha kabati kwa mkono tu. Suruali zako zikaenda, na makoti ya Kijerumani yakaenda nazo. Alipokuja kuona kabati tupu, ndipo alipotambua kilichokwenda. Yale makoti ndiyo uliyotaka Bénie awafundishie wasichana wanaojifunza ushonaji hapa kwako, na sasa yalikuwa yametawanyika kutoka Beni hadi Luofu.

Basi akaanza kuyafuata. Rafiki yako Hamisi, mwenye lori kule Beni, alileta lake kabla hajaombwa, limekunjwa vizuri.

“Nilipokea kwa heshima, Mama Bénie, mais sikuivaa.”

Mengine yalirudi moja moja. Likabaki lile kuukuu kuliko yote, ulilolipenda sana, nalo lilikuwa Luofu kwa dada yako Kanyere.

“Hii hapana, Mama Bénie,” Kanyere alimwambia. “Baridi ya hapa unaijua. Nikijifunika nayo, nasikia kama ndugu yangu iko karibu.”

Florentine alilitaka koti lile kwa moyo wote, lakini hakuweza kumnyang'anya mtu faraja yake. Aliomba tu Bénie, aliyefuatana naye, alipime. Waliporudi nyumbani, Bénie na wasichana wakashona jingine kwa blanketi zito la kahawia, kola wakaitia vilevile ulivyofundisha, wakalipeleka Luofu.

Kanyere alilivaa. Alipapasa kola kwa vidole, akaigeuza, akatazama mshono kwa ndani, na machozi yakamtoka. Kisha akaingia chumbani akatoka na lile kuukuu.

“Beba,” akamwambia Florentine. “Hii mupya pia ni ya ndugu yangu. Ni mukono yake.”

Tunaokukumbuka ni mke wako Florentine, binti yako Bénie, dada yako Kanyere, Hamisi na jamaa yake, na wasichana wote wanaoshona kola yako. Maadamu tunapumua, Papa, hatutakusahau.